Dubai: Bishana na Mwenye Kitambaa, Mwache Fundi Ale

Mse, uko Dubai mwaka wa pili sasa. Likizo imekubaliwa, tiketi ni ya Desemba, na nyumbani kuna harusi. Unajua vile huwa. Ukitua JKIA hakuna atakayekuuliza umelala miezi mingapi juu ya dabodeka katika chumba cha watu sita. Watu wataangalia luku. Shangazi atakushika bega, apapase kitambaa cha koti kwa vidole viwili, halafu atoe hukumu bila kufungua mdomo.

Kwa hivyo unahitaji suti. Au wewe dada unahitaji gauni la kumsindikiza bibi harusi. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuingia kwenye yale maduka makubwa yenye baridi kama friji, ambapo suti imeshonewa mtu asiyejulikana: mabega mapana, mikono mirefu, makalio hana. Wewe una mabega ya kwenu na makalio ya kwenu. Utalipa bei ya jina lililo kwenye kola, kisha bado utatafuta fundi akate suruali.

Njia ya pili ni soko la vitambaa. Hii ndiyo nataka tuongee leo, kwa sababu ukiielewa vizuri itakuvisha Dubai, itakuvisha Nairobi, na itakufunza kitu kuhusu pesa ambacho wengi wetu tunakipita tukikimbia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikaja huku kuuza viatu dukani. Hesabu utakazozipata hapa ni za mtaani, lakini zinajumlika.

Fika kwanza

Kama unakaa upande wa Deira, teremka hadi kwenye Creek, ule mkono wa bahari unaopasua mji katikati. Panda abra, mashua ya mbao ya abiria. Nauli ni dirhamu 1. Ndiyo, moja. Dakika chache tu uko ng'ambo, Bur Dubai. Kama umetoka mbali, chukua metro ya laini ya kijani ushukie Al Ghubaiba, kisha utembee.

Utakutana na soko lenye paa la mbao, watu wanaliita Textile Souk. Hapo mwanzoni, karibu na maji, ni mtego wa watalii. Vijana watakurushia shali mabegani kabla hujasalimia, wakikuita rafiki yangu kwa lugha tano. Tabasamu, rudisha shali, songa mbele. Ukishafika Meena Bazaar na vichochoro vya jirani, kelele za shali zinapungua na marobota ya vitambaa yanapanda hadi darini. Hapo umefika.

Kuna pia Satwa, mtaa ambao mafundi wamejipanga kando ya maduka ya vitambaa, ukitaka kununua na kupimwa bila kuzunguka mji. Na kuna Naif, kule Deira, ambako utasikia Kiswahili na Kisomali kabla hujasikia Kiingereza, kwa sababu wafanyabiashara wa Eastleigh na Mombasa hujaza kago zao maeneo hayo.

Angalia saa. Maduka mengi ya sokoni hufunga mchana, tangu kama saa saba hadi saa kumi hivi, halafu yanafunguliwa tena hadi usiku. Ijumaa mchana ni wakati wa swala, usiende. Na kama ni Julai au Agosti, joto likipita digrii 40, nenda jioni. Kununua kitambaa ukiwa unatiririka jasho ni kununua chochote ili utoke.

Yadi si mita

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hapa kuna biashara mbili tofauti. Kuna mwenye kitambaa, na kuna fundi. Mwenye kitambaa ana shehena. Fundi ana mikono. Wakati mwingine wako mlango mmoja, na muuzaji atakuambia bei moja ya kila kitu, kitambaa na kushona. Usikubali bei hiyo kabla hujaigawanya. Muulize: kitambaa ni ngapi, kushona ni ngapi? Ukiijua kila moja peke yake, hutachezewa.

Pili, uliza kama anauza kwa yadi au kwa mita. Yadi moja ni sentimita 91 na kitu. Mita ni 100. Ukinunua "tatu" ukidhani ni mita kumbe ni yadi, umepungukiwa karibu sentimita 26. Hiyo ni kola na mifuko, mse. Bila hizo utashonewa koti la mhudumu.

Tatu, uliza upana. Kitambaa cha suti mara nyingi kina upana wa inchi 58 hadi 60, na mwanaume wa kimo cha kawaida atahitaji kama yadi tatu na nusu kwa koti na suruali. Vitambaa vingine, kama vitenge, vina upana wa inchi 45 hivi, kwa hivyo utahitaji urefu zaidi. Ukiwa mrefu kama mchezaji wa basketiboli, au mwili umeshiba biriani ya kambini, muulize fundi kwanza. Fundi ndiye ajuaye nguo italala vipi juu ya kitambaa, muuzaji anajua kupima tu.

Nne, jua unachoshika. Muuzaji atakuambia kila kitu ni sufu safi kutoka Uingereza, na ataonyesha maandishi yaliyofumwa pembeni kabisa mwa kitambaa. Maandishi hufumwa na yeyote mwenye mashine. Omba kipande kidogo cha nyuzi, toka nje, kiwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua. Pamba hunuka kama karatasi na huacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka na kuacha tone jeusi gumu kama shanga. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, wengine hata wana kiberiti mfukoni. Akikataa katakata, umeshapata jibu bila moshi.

Sisemi poliesta ni dhambi. Ikichanganywa na sufu, hupunguza mikunjo, na wewe una safari ya saa tano kwenye ndege. Ninachosema ni usilipe bei ya sufu ukapewa plastiki. Harusi iko Machakos, saa nane mchana, chini ya hema. Utaiva humo ndani.

Na ukinunua pamba, iloweke usiku mzima na uikaushe kabla ya kuipeleka kwa fundi. Pamba hurudi ikifuliwa. Afadhali irudi ikiwa kitambaa kuliko irudi ikiwa shati.

Kiswahili chako ni mtaji

Watu wengi hawajui hili. Ukiingia sokoni Dubai na Kiswahili chako, umeingia na nusu ya lugha ya biashara.

Sema "ghali" mbele ya Mwarabu, ataelewa bila mkalimani, maana neno lenyewe ni la Kiarabu. "Rahisi" pia, na huko maana yake ni bei ya chini, kama vile nyanya yako alivyozoea kusema. "Hesabu" wanaijua. "Mkasi" wanausikia. Sema "bitana", ile nguo ya ndani ya koti, Mwarabu ataipata. Mhindi na Mpakistani nao wataelewa "duka" na "rangi". Kitu kimoja tu cha kuchekesha: ukiuliza "bei?" muuzaji Mhindi anaweza kudhani umemwita ndugu, kwa sababu kwao "bhai" ni kaka. Itikia tu. Ni mwanzo mzuri wa kupunguziwa.

Hii si bahati. Bahari ya Hindi imekuwa barabara ya vitambaa kwa karne nyingi. Nguo za Gujarat zilivaliwa pwani yetu kabla hakujawa na nchi inayoitwa Kenya. Ile pamba nzito isiyopaushwa ambayo wazee wa pwani waliiita merikani ilipata jina kwa sababu Wamarekani waliileta Zanzibar katika karne ya 19. Hadi 1920 pesa ya Kenya ilikuwa rupia, na huku Dubai rupia ilitumika hadi 1966. Kwa hivyo ukisimama kati ya marobota ukijiona mgeni, tulia. Babu zetu wa pwani walikuwa kwenye hii biashara kitambo.

Masta na tepu yake

Fundi huku huitwa masta, na utakuta wengi wanatoka India, Pakistan na Bangladesh. Duka lake ni kama kibanda cha kwetu: cherehani mbili au tatu, pasi nzito, chaki, na ukuta uliojaa nguo zenye vikaratasi vya majina.

Kabla ya kwenda, jipange. Beba nguo inayokukaa vizuri, hata kama ni ya mtumba, ile kamera uliyoiokota Gikomba saa kumi na moja alfajiri. Masta huelewa nguo kuliko picha ya Instagram. Picha inaonyesha mwanamitindo amesimama chini ya taa, haionyeshi mshono.

Vaa shati jepesi. Toa simu na pochi mfukoni. Vaa viatu utakavyovaa siku yenyewe, kwa sababu urefu wa suruali hutegemea kisigino. Na tafadhali, usivute tumbo ndani. Tepu haikuchumbii. Mwambie pia aache inchi moja ya ziada ndani ya mishono, ili nguo iweze kupanuliwa. Mwaka mmoja wa shawarma za usiku si mchezo.

Kama unataka Kaunda suti, ile ambayo Rais Ruto aliirudisha mjini na Spika Wetang'ula akaipiga marufuku bungeni Novemba 2023, usimwambie masta "Kaunda". Hamjui mzee wa Zambia. Mwambie "safari suti". Uso utang'aa. Kwao Bara Hindi imevaliwa miaka mingi kwa jina hilo, na huenda mkono wake umeikata mara nyingi kuliko fundi yeyote unayemjua.

Kubaliana tarehe mbili: ya kujaribu na ya kuchukua. Ya kujaribu usiikose. Koti likiwa na nyuzi nyeupe za muda ndipo linaweza kurekebishwa. Likishakamilika, ni wewe utarekebishwa. Lipa arbuni nusu, chukua risiti yenye tarehe, na ubaki na wiki nzima kabla ya safari.

Mahali pa kubishana

Sasa tufike kwenye kiini. Sisi Wakenya tunapenda kubishana bei, na sokoni ni halali. Lakini kuna mahali pake.

Chukua mfano huu, nimeutunga ili tuone hesabu, bei zenyewe hubadilika. Kitambaa yadi tatu na nusu kwa dirhamu 30, hiyo ni 105. Bitana na vifungo, 40. Kushona, 250. Jumla 395. Unataka kupunguza dirhamu 50. Utazitoa wapi?

Wengi huenda moja kwa moja kwa fundi, kwa sababu ndiye mwenye nambari kubwa na ndiye mwenye sauti ndogo. Mwenye kitambaa ana kiti cha kuzunguka na kikokotoo. Fundi amesimama, ana sindano mdomoni, na foleni ya watu nyuma yako inamsikiliza. Anashuka haraka.

Lakini zile 50 hazijapotea. Utazikuta ndani ya koti. Kifua cha koti zuri kina kitambaa kigumu cha ndani kilichoshonwa kwa mkono. Koti la bei iliyominywa hubandikwa kitambaa cha gundi kwa pasi, na baada ya kufuliwa mara chache kifua huota malengelenge. Mfuko utashonwa kwa kitambaa chepesi, funguo zitatoboa. Vifungo vitashikwa kwa nyuzi mbili. Fundi hajakuibia. Amekushonea ulicholipia.

Mwenye kitambaa ni tofauti. Ukimpunguza dirhamu 5 kwa yadi, kitambaa kinabaki kile kile. Hakigeuki kuwa poliesta kwa sababu umebishana. Ukipenda, nenda na wenzako wawili, nunueni yadi kumi za rangi moja, mbane hapo. Ana nafasi ya kushuka. Akikataa, duka la pili liko hatua tatu, na anajua.

Hiyo ndiyo sababu ya faida. Kuna sababu nyingine.

Jioni moja Satwa nilikuwa nimekaa nikingoja shati. Akaingia dada mmoja wa kwetu, lafudhi ya Rift Valley, amevaa sare ya kampuni ya usafi. Alitaka gauni la kitenge alichotumiwa na mamake. Masta akamtajia bei. Dada akashuka hadi nusu. Masta akashuka kidogo. Dada akasema ng'ambo ya barabara kuna anayeshona kwa hiyo nusu. Masta hakufoka. Alikikunja kile kitenge taratibu, kona kwa kona, akakirudisha kwenye mfuko wa plastiki, akampa kwa mikono miwili. Akarudi kwenye cherehani yake.

Dada alisimama pale mlangoni muda mrefu. Mwishowe akatoa mfuko tena, akauweka mezani, akasema bei yako ni sawa. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, kama anayejisemea: "Huyu ni kama mimi tu. Mdosi wangu akinipunguzia, mimi nitampunguzia nani?"

Nimelibeba hilo swali tangu siku hiyo. Masta ana viza inayoisha kama yako. Analala chumba cha watu wengi kama wewe. Wako wanaolipwa kwa kipande, hivyo ukimkata bei umekata chakula cha leo. Mwisho wa mwezi yuko kwenye foleni ile ile ya kutuma pesa, wewe unatuma Kisii, yeye anatuma Punjab. Wewe ukiwa kazini na mteja akakutendea kama mashine, unarudi kambini ukiwa umevimba. Halafu siku yako ya mapumziko unavuka Creek kwa dirhamu 1, unakuwa mteja, na ghafla umesahau.

Na nyumbani je?

Usidhani haya yanaishia Dubai. Nairobi tuna kila kitu. Vitambaa viko Biashara Street na Eastleigh. Uhuru Market, Jogoo Road, mafundi wanashona sare za shule na suti mwaka mzima. Mombasa, Biashara Street ya huko, leso zimepangwa doti kwa doti, na duka la Kaderdina Hajee Essak, wale wa Mali ya Abdulla, limekuwepo tangu 1887. Mtaani kwenu kuna fundi kwenye kibanda cha mabati, unampita kila asubuhi ukielekea steji.

Tulichopoteza ni hesabu. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba ikajaa na viwanda vikalala. Kicomi ya Kisumu ikafa. Rivatex ya Eldoret ikafungwa, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007, na ikazinduliwa upya 2019. Kizazi chetu kimekua kikijua nguo kama kitu kilichokwisha kushonwa, cha kuchaguliwa kwenye lundo. Mitumba imetuvalisha wengi wetu, mimi nikiwemo, na sina neno baya nayo. Lakini ukinunua shati kwa bob mia, unaanza kuamini mikono iliyolishona haina bei. Halafu fundi wa mtaa akikuambia elfu moja mia tano kushona shati, unamwambia amewehuka.

Najua utasema nini. Fundi wa kwetu ni "njoo kesho". Ni kweli, na wengi wetu tumekalishwa kwenye ile benchi. Lakini mara nyingi arbuni yako ndiyo imenunua uzi wa nguo ya mteja aliyetangulia, kwa sababu yule naye alibishana hadi fundi akabaki bila mtaji. Vunja huo mnyororo. Peleka kitambaa mwenyewe, bitana mwenyewe, vifungo na zipu mwenyewe. Mpe tarehe ya wiki mbili kabla ya siku unayoihitaji. Mlipe bei yake ya kushona bila kuikata. Utashangaa jinsi "kesho" inavyokuja mapema.

Jambo la mwisho, la kufanya leo. Masta akimaliza kukupima, omba upige picha ya ukurasa wake wenye vipimo vyako: bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu wa suruali. Andika kando kama ni inchi au sentimita. Tuma kwa fundi wa mtaani kwenu kwa WhatsApp, na umtumie kitambaa kwa mtu anayesafiri. Yeye ashone shati la harusi wakati wewe bado uko zamu. Na ukimtumia M-Pesa, tuma bei aliyotaja, pamoja na ya kutoa.